Tanuri Lisilongoja Desemba

9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, hatuna la kulalamika sana. Mama anakusalimu, na amesema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiyapambe: "Mwambie nimemwota anakula sana, kwa hiyo najua huko hashibi." Miguu inamsumbua akiamka, lakini ikifika saa nne anatembea kutuzidi sote. Binti yangu ameingia darasa la sita na tayari anajiona mwanasheria. Ukimtuma dukani anataka kwanza aelezwe kwa nini yeye.

Chumba chako hatujampangisha mtu. Wanaoulizia wapo, ila Mama hataki hata kusikia. Kila baada ya siku chache anafungua dirisha, anakung'uta godoro, anafunga tena, anaondoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tanuri letu la udongo limepasuka kwa nyuma. Nimeliziba mara kadhaa, lakini joto linatorokea hapohapo na mikate inaiva upande mmoja. Na sasa ndiyo kazi imekuja. Mtunza stoo wa hospitali anataka mikate ya wodini kila asubuhi. Kwa tanuri hili siwezi hata nusu yake.

Nilikwenda benki. Nilivaa lile gauni la bluu. Kijana wa mikopo alinipa kiti, akanisikiliza, akala mkate niliompelekea aonje, akausifu. Kisha akaomba hati ya kiwanja. Nikamwambia ina jina la baba, na baba ni marehemu. Akaomba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima. Nikamwambia fedha yangu ikiingia asubuhi, jioni imeshakuwa unga. Alinitazama kwa huruma akanishauri nirudi nikijipanga. Afadhali angenifukuza. Ile huruma ndiyo iliyoniuma.

Lakini nimesikia kuna kampuni ambayo si benki. Wao hawakupi fedha mkononi. Wananunua mashine, wanakuletea, unaifanyia kazi huku unailipia kila mwezi, na ukimaliza kulipa inakuwa yako. Dhamana ni mashine yenyewe. Wanachotaka ni kianzio, na watu wa kukudhamini. Sijafanya lolote. Wewe ndiye mkubwa wangu, na sikuombi hata senti. Nataka kusikia unasemaje.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia wiki hii. Lori la saruji ndilo linalotuletea barua, na siku hizi haliji kama zamani. Simu nayo ni ileile, ukipanda mlimani unasikia kelele za upepo tu. Mwambie Mama ninakula, asipoteze ndoto zake bure. Mwambie pia dirisha langu alifungue taratibu, bawaba ya chini imelegea.

Mimi mzima. Kazi inaendelea. Tunachomelea mihimili ya chuma ya jengo upande wa magharibi, na ukisimama juu kabisa unaona mbali hadi macho yanachoka.

Kuhusu hiyo kampuni, jibu langu ni hapana. Usikasirike, nisikilize kwanza. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni siku walipokuja kuchukua msumeno wa baba na meza yake ya randa. Alikuwa amekopa kwa mfanyabiashara mmoja ambaye riba yake ilikuwa inazaa usiku na mchana. Baba hakubishana nao. Walipoondoka, alichukua ufagio akaanza kufagia karakana ambayo haikuwa na kitu cha kufagia. Alifagia muda mrefu. Mwanamume yule hakurudi kuwa seremala tena, unalijua hilo. Alikuwa anatengeneza vigoda vya watu kwa kuazima nyundo.

Sitaki kuja kusikia kwamba watu wamekuja kubeba kitu kwetu mara ya pili.

Subiri Desemba. Nitatuma fedha yote kwa mkupuo, ununue tanuri lako mwenyewe, usimsujudie mtu. Nilipoondoka nilikuambia mimi ndiye benki yako, na sijafuta kauli. Mweleze huyo wa hospitali avute subira.

Nawakumbuka. Huku jioni ni ndefu.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, na bawaba amemfanya binti yangu aikaze kwa kisu cha mezani, na kisu sasa hakikati kitu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Habari ya baba na ufagio sikuwahi kuambiwa. Nilikwenda kusimama kwenye ile karakana, ambayo sasa ni stoo yangu ya unga, nikaitazama sakafu. Nilikaa humo mpaka Mama akaniita.

Kaka, hospitali haivuti subira. Wagonjwa wanakula kila siku. Mtunza stoo aliniambia kama siwezi kufikia mwisho wa mwezi atampa mwingine kazi, na aliniambia kwa upole, hakuwa na ubaya. Kwa hiyo nimefanya jambo bila wewe kuridhia. Nikueleze lilivyokwenda, kisha unigombeze.

Kuna kikundi cha wanawake wanaoweka na kukopa. Wanakutana Jumamosi nyuma ya saluni. Mmoja anauza nyanya, mwingine anashona mikoba, wengine wana genge, mgahawa, duka la vipuri vya baiskeli. Mwenyekiti anauza mkaa, na kila mtu anamwita Meneja. Ana sauti kama amemeza gunia zima la huo mkaa. Nimekuwa mwanachama tangu mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa naweka kidogokidogo, nikaona ni jambo la kitoto.

Niliomba kianzio. Hawakuniuliza hati. Hawakuuliza taarifa ya akaunti. Meneja alisimama, mikono nyuma, akaniuliza mbele ya wote, "Ukiugua, nani anakanda?"

Nikasema Mama anajua kukanda, na nimeanza kumfundisha jirani.

"Hospitali ikichelewa kukulipa, utakula nini?"

Nikasema mikate ya mtaani sitaiacha, hiyo inalipwa papo hapo.

"Na kaka yako aliye mbali anasemaje?"

Nikasema ukweli, kwamba umekataa. Nikasikia mashine ya kukaushia nywele mle saluni. Nilijua wananinyima. Meneja akasema, "Angesema anakubali, ningejua unatudanganya. Hakuna kaka anayekubali." Wakacheka, wakanyoosha mikono. Walinipa kianzio, na wakasaini kunidhamini kwenye ile kampuni, wote. Mwanamke wa nyanya hajui kuandika. Aliweka dole gumba, akalitazama, akasema sasa na yeye ana tanuri.

Limefika juzi. Ni la gesi, lina milango miwili mmoja juu ya mwingine, na kioo cha kuchungulia. Lilipoteremshwa mtaa mzima ulitoka nje. Mama alilizunguka akiligonga kwa fimbo kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema mkate wa ndani ya kabati hatakula. Alikula minne.

Kaka, sikutaka kukudharau. Niandikie japo mstari mmoja, hata ukiwa wa matusi.

Mdogo wako


17 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tangu niandike ile ya tanuri sijapata jibu. Nilijipa moyo kwamba ni lori. Kisha nikajiambia umenuna. Mama haulizi tena kama barua imekuja. Anauliza tu kama posta imefunguliwa.

Nikuambie yaliyotokea huku, kisha nikuambie ninachokijua.

Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda kama imepakwa mafuta. Nilikuwa naamka alfajiri, nawasha, na mikate inapanda nyuma ya kioo, mimi na binti yangu tunaikodolea macho kama televisheni. Mwezi wa pili hospitali haikulipa. Kulikuwa na karatasi fulani haijasainiwa, na aliyepaswa kuisaini alikuwa likizo. Rejesho la kampuni likanipita. Akaja bwana mmoja na pikipiki, mtu mzima, mstaarabu, akavua kofia kabla ya kuingia. Akasema nisipolipa, watalazimika kulichukua tanuri. Akasema kazi hiyo haipendi. Nilimpa chai. Mama aliiondoa chai mbele yake.

Kaka, siku hiyo nilimwona baba. Nilikuelewa hasa ulichokuwa unakiogopa.

Jumamosi nikasimama mbele ya kikundi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Nimeshindwa mwezi huu." Meneja akauliza nimeshindwa au nimecheleweshwa, maana hayo ni magonjwa mawili. Wana mfuko wa dharura, kila mtu anatia kidogo kila wiki, na nilidhani ni wa misiba. Wakalipa rejesho langu lote. Wakanipiga faini kwa kutosema mapema. Faini ndiyo iliyonirudishia nguvu, sijui nikuelezeje. Anayepigwa faini hajafukuzwa. Hospitali imeshalipa, nami nimerudisha. Tanuri liko palepale.

Sasa ninachokijua. Wiki iliyopita lori la saruji lilisimama mbele ya nyumba yetu. Dereva alitaka mikate ya safari. Nikamwomba akusalimie kambini. Akanishangaa. Akasema yeye hana anachopeleka huko siku hizi, alipita mara moja tu kuchukua mapipa. Akasema mkandarasi ameondoka tangu mwaka jana, mashine zimefunikwa maturubai, na nyinyi mliobaki mnangojea mishahara yenu. Akasema, "Kwani hakuwaambia?"

Nikamfungia mikate yake vizuri. Nilikataa fedha yake, sijui kwa nini.

Mama sijamwambia. Kaka yangu, unakula nini huko?

Mdogo wako


5 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua siku hizi zinaishia kijijini, tunazifuata kwa miguu. Nimeanza hii mara nyingi nikaitumia kuwashia moto.

Ni kweli. Alichosema dereva ni kweli yote. Sikununa kwa sababu ya tanuri, au nilinuna kidogo, lakini si kwa namna uliyodhani. Ulipoandika jinsi wale wanawake walivyonyoosha mikono, nilisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la mabomba, na nilijiona kama mtu aliyefika harusini akakuta viti vyote vimekaliwa. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, kwamba mbali huku ninawafaa. Mshahara uliposimama nilikaa kimya. Nikasema utalipwa kesho, nitatuma, hawatajua. Kesho ikawa mwaka.

Mkandarasi alituambia anakwenda mjini kufuatilia malipo. Aliondoka na gari ndogo na mafaili. Baadaye akaja afisa wa kazi, akaandika majina yetu, akasema kesi ipo, na kwamba watakaokuwepo siku ya malipo ndio watakaolipwa kwanza. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuondoka. Tumekuwa walinzi wa madeni yetu wenyewe. Mtu akienda kijijini kununua chumvi anakimbia njia nzima kurudi, asije akakuta malipo yamekuja na kuondoka.

Unauliza ninakula nini. Ninawachomelea wanakijiji majembe na baiskeli kwa genereta ya zamani, wananilipa mahindi na maharage. Mpishi wa kambi bado yupo, anapika kwa sufuria kubwa iliyobaki, kidogo chini kabisa, sauti ya kijiko inasikika mpaka bondeni. Tunaweka pamoja tunachopata. Anayeugua anatibiwa kwa hiyo. Nilikuwa nakucheka na kikundi chako, na mimi niko kwenye kikundi bila kujua.

Jioni ninapanda kwenye ule mhimili wa magharibi. Ni mimi niliyeunga viungo vyake, ninavitambua kwa mkono. Hakuna kitakachokaa juu yake. Ninakaa hapo ninaitengeneza nyumba yetu kichwani: mlango, benchi, Mama anafoka, wewe una unga hadi kwenye nyusi. Sasa inanibidi niongeze tanuri, na silijui lilivyo. Limesimama upande gani? Kioo chake kikipata moto kinatoa rangi gani? Niandikie hayo. Sikutanii. Ninataka kuliona.

Nyumbani siwezi kuja mikono mitupu. Mwenzako niliondoka na maneno makubwa. Na nikiondoka hapa, miaka yangu yote ya jasho nimeitupa.

Mama usimwambie.

Kaka yako


24 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama anajua. Sikumwambia, alinitazama nikisoma. Aliuliza jambo moja tu, kama wewe ni mzima wa mwili. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hizo nyingine ni habari za fedha," akaenda kukung'uta godoro lako.

Tanuri linaangalia mashariki. Limesimama palipokuwa na meza ya chakula, tumesogea kula barazani. Kioo chake kikipata moto kinakuwa rangi ya chungwa lililoiva, na mikate ikikaribia unaona mvuke umetanda pembezoni mwake. Mlango wa chini umeanza kupinda kwa joto na unavujisha. Fundi wa mtaani ameuchomelea mara mbili, kazi yake ni ya kulipua. Nikimwona ameinama pale nakasirika, kwa sababu ninajua nani angeweza kuufanya ukafunga kimya.

Jumamosi nilimwambia Meneja habari zako. Niliomba nauli yako. Nilijua jibu. Akasema, "Kikundi hakikopeshi nauli. Nauli ikishafika imekwisha. Kinakopesha kazi." Nikaanza kukaa chini. Akasema, "Sijamaliza. Huyo kaka anafanya nini?"

Nikasema anachomelea.

Basi wakaanza kusemezana. Mwenye mgahawa anataka majiko. Mshona mikoba mlango wake wa chuma haufungi. Wa vipuri vya baiskeli anawafukuza wateja kila siku wanaotaka kuungiwa fremu. Yule bwana wa pikipiki anasema kampuni yake inatoa hata mashine za kuchomelea, kwa utaratibu uleule. Wamekubali kudhamini, kianzio nitakopa mimi, lakini kwa sharti: uwepo hapa, usimame mbele yao kama nilivyosimama mimi, ujibu maswali, na ukae. Hawamdhamini mtu aliye kwenye barua. Kampuni inasubiri jibu kabla ya mwisho wa Oktoba, ikipita hapo mashine inakwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo Kaka, hapo ulipo kuna fedha yako ambayo labda itakuja. Hapa kuna deni ambalo hakika litakuja. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Kuna asubuhi ninaamka rejesho limenikalia kifuani kama paka.

Unasema huwezi kuja mikono mitupu. Njoo nayo hivyohivyo, ndiyo tunayoitaka. Nauli sina, nimetia kila kitu kwenye unga. Hilo utalitafuta mwenyewe.

Nimechoka kukueleza mambo kwa karatasi. Leo mchana nilichungulia kioo, mikate imepanda vizuri kuliko siku zote, nikageuka kumwambia mtu. Binti yangu alikuwa shuleni, Mama amelala. Nikabaki nimegeuka.

Mdogo wako


22 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba ya mbali kidogo tu sasa. Nakuandikia kutoka kituo cha mabasi. Basi letu limevunjika springi, fundi yuko chini yake, na abiria wote tumegeuka mafundi tunamwelekeza.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwa Mpishi, hasa pale kwenye deni na rejesho. Nilitaka aniambie ni ujinga. Alikuwa anaosha sufuria. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema, "Wewe kuna watu wamekaa kikao kwa ajili yako. Mimi nikiondoka hapa, naondoka kwenda kwa nani?" Akaendelea kusugua. Nimemwandikia karatasi, afisa wa kazi akija apokee changu kwa niaba yangu, nusu achukue yeye. Huenda ni karatasi tu. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuitazama.

Niliuza godoro, redio na viatu vya kazi. Wenzangu walichanga kilichopungua. Kila mmoja aliponipa mkono alinishika muda mrefu, na sikuweza kujua kama wananiaga au wananionea wivu. Sikupanda kuuaga mhimili. Niliogopa ningebaki.

Kuna jambo ambalo halitatoka mdomoni mwangu nikifika, kwa hiyo naliandika. Miaka yote hii sikuwa ninaogopa deni. La baba liliniumiza, ndiyo, lakini lilikuwa pia kisingizio. Niliogopa kwamba siku mtakayoacha kuhitaji fedha yangu, mtakuwa mmemaliza kunihitaji. Nilitaka mnisubiri. Nilikuambia usubiri Desemba nikijua Desemba haina kitu, kwa sababu mtu anayesubiriwa bado ana kwao. Wewe ulikuwa unatafuta mkate, mimi nilikuwa natafuta kusubiriwa.

Wanasema springi itafungwa baada ya muda si mrefu. Posta ya mji huu iko ng'ambo ya barabara. Nilikwenda nayo barua hadi mlangoni, nikaona foleni, nikarudi. Ningeituma ingefika baada yangu, na ningekuwa nimekaa barazani nikingojea aibu yangu iletwe na baiskeli.

Nitaibeba mwenyewe. Nikifika nitakupa mkononi, kisha nitaingia ndani kumsalimia Mama, taratibu, ili upate nafasi ya kuisoma peke yako. Ukimaliza usiniite, na usinijibu. Nitatoka mwenyewe. Nitakuwa nimebeba miwani yangu ya kuchomelea, hiyo sikuiuza. Nioneshe ule mlango unaovujisha.

Kaka yako